Tiba kwa simu: benchi la kusubiri linahamia wapi?

Ukifika katika zahanati nyingi za vijijini saa mbili asubuhi, utakuta benchi limeshajaa. Kuna mama aliyetoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza, mtoto mgongoni. Kuna mzee aliyekuja kupima presha na kuchukua vidonge vya mwezi. Kuna kijana anayekohoa, na dada mjamzito aliyekuja kliniki. Wote wanamngoja mtu mmoja au wawili waliomo ndani, na hakuna ajuaye ataitwa saa ngapi.

Wasikilizaji wetu wanaijua hali hiyo kuliko sisi tunaoandika. Ndiyo maana kila linapotoka tangazo kwamba siku hizi daktari anapatikana kwenye simu, swali la kwanza huwa ni hili: je, foleni sasa inakwisha? Katika makala hii tunaeleza tiba mtandao ni kitu gani, imefanyaje kazi katika nchi zetu, inamsaidia nani hasa, na ni wakati gani hupaswi kuingoja simu hata kidogo.

Kwa ufupi, foleni haijaisha. Imehama. Sehemu yake imeingia ndani ya nyumba zetu, mahali ambapo hakuna muuguzi anayepita kuangalia nani amezidiwa. Hilo ndilo jambo tunalotaka msikilizaji alielewe vizuri kabla ya kubonyeza namba yoyote.

Tiba mtandao ni nini

Tiba mtandao ni huduma ya afya inayotolewa wakati mgonjwa na mtaalamu wako mahali tofauti, wakiwasiliana kwa simu, ujumbe, picha au video. Wengi wakisikia neno hilo hufikiria daktari anayeonekana kwenye kioo cha simu janja. Hiyo ni aina moja tu, na kwa kijijini si ndiyo inayotumika zaidi, kwa sababu video inakula bando na mtandao wenyewe unakatika.

Aina ya kawaida zaidi ni mazungumzo ya simu tu, ambayo hata kitochi kinatosha. Nyingine ni ujumbe mfupi. Nchini Tanzania, kampeni ya Wazazi Nipendeni iliyoanza mwaka 2012 iliwawezesha wajawazito kutuma neno "mtoto" kwenda namba 15001, kisha wakapokea ujumbe wa kuwakumbusha kliniki na kuwaeleza mambo kulingana na umri wa mimba. Afrika Kusini ilianzisha huduma inayofanana na hiyo, MomConnect, mwaka 2014.

Kuna pia aina ambayo mgonjwa haioni kabisa. Tabibu wa kituo cha afya anampigia daktari bingwa kuomba ushauri, au picha ya eksrei inapigwa wilayani na kusomwa na mtaalamu aliyeko hospitali ya rufaa. Mgonjwa amekaa benchi lile lile, lakini amepona safari ya kwenda mjini, nauli, na siku mbili za kulala kwa jamaa. Kwa maoni yetu hii ndiyo sehemu ya tiba mtandao inayosifiwa kidogo kuliko inavyostahili, labda kwa sababu haina tangazo la kuvutia.

Redio ilitangulia

Sisi ni watu wa redio, kwa hiyo mtatuvumilia tukikumbusha kwamba kabla ya simu ya mkononi, daktari wa mbali alipatikana kwa redio. Australia ilianzisha huduma ya madaktari wa ndege mwaka 1928. Mwaka uliofuata, fundi Alfred Traeger alitengeneza redio ya mawasiliano iliyozalisha umeme wake kwa kukanyaga pedali kama za baiskeli, na watu wa mashamba ya mbali wakaweza kumfikia daktari. Kuanzia mwaka 1942 masanduku ya dawa yaliyosambazwa mashambani yalikuwa na dawa zenye namba. Daktari hakuhitaji kutaja jina gumu redioni. Alisema chukua namba fulani, na huku upande wa pili wakajua ni chupa ipi.

Huku kwetu, mwaka 1957 madaktari watatu wapasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, waliasisi shirika la madaktari wa ndege wa Afrika Mashariki ambalo leo tunalifahamu kama Amref. Hospitali za misheni na vituo vya mbali viliwasiliana na Nairobi kwa redio, kuomba ushauri au ndege ya kumchukua mgonjwa.

Tazama jambo moja katika mfumo huo. Mgonjwa hakuwa peke yake kwenye redio. Pembeni yake alikuwepo muuguzi au mganga aliyemshika mapigo ya moyo, akambonyeza tumbo, akampima joto, kisha ndiye aliyezungumza. Daktari wa mbali alikuwa anatumia mikono ya mtu mwingine. Tiba ya simu ya leo mara nyingi imeiondoa mikono hiyo, ikabaki sauti ya mgonjwa na sauti ya mtaalamu. Wakati mwingine inatosha. Wakati mwingine haitoshi.

Rwanda: nchi iliyojaribu kwa kishindo

Mfano mkubwa zaidi katika eneo letu ulitoka Rwanda. Mwaka 2016 kampuni ya Babylon kutoka Uingereza ilifungua huko huduma iliyoitwa Babyl. Mtu alibonyeza *811# kwenye simu yoyote ile, bila intaneti, akajiandikisha na kuomba kuzungumza na mhudumu. Muuguzi alimsikiliza kwanza na kumuuliza maswali. Aliyehitaji zaidi alipangiwa kuzungumza na daktari. Baada ya mazungumzo, ujumbe uliingia kwenye simu ukiwa na namba ya siri, na mgonjwa aliipeleka namba hiyo duka la dawa au maabara, akahudumiwa bila karatasi.

Watu zaidi ya milioni 2 walijiandikisha. Mwaka 2020 serikali ya Rwanda ilisaini na kampuni hiyo makubaliano ya miaka 10, na huduma ikaunganishwa na bima ya afya ya jamii, ile inayojulikana kama Mutuelle de Santé, ambayo Wanyarwanda wengi wanayo. Kwa mtu anayeishi milimani, ambako kwenda kituo cha afya ni kushuka bonde na kupanda jingine, hilo lilikuwa badiliko la kweli. Alingoja akiwa nyumbani, anapalilia au anapika, simu ikiwa mfukoni.

Mwaka 2023 kampuni mama ilifilisika, upande wa Marekani na upande wa Uingereza. Huduma ya Rwanda ikasimama. Haikuwa kwa sababu Wanyarwanda waliikataa. Ilisimama kwa sababu ya hesabu za fedha zilizoharibika mbali sana na Kigali.

Vituo vya afya vilikuwepo, na wahudumu wa afya wa jamii walio katika kila kijiji cha Rwanda walikuwepo pia. Hao ndio waliobaki. Tunaueleza mkasa huu kirefu kwa sababu nchi nyingine zinasaini makubaliano ya aina hiyo, na swali la mwananchi wa kawaida ni halali kabisa: hili benchi jipya la kwenye simu ni la nani? La serikali, la mfadhili, au la kampuni? Siku mwenye benchi akiondoka, taarifa zangu za ugonjwa zinabaki wapi? Benchi la mbao la zahanati haliwezi kufilisika.

Namba 115 na ucheleweshaji wa aina tatu

Mfano wa pili uko Tanzania, nao una sura tofauti. Unaitwa m-mama. Ulianza mwaka 2013 upande wa Sengerema na Buchosa, mkoani Mwanza, ukaingia Shinyanga, na kuanzia mwaka 2022 serikali ikaanza kuupeleka nchi nzima. Mjamzito aliyepata tatizo, mama aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga anapigiwa simu namba 115, bila malipo. Anayepiga anaweza kuwa mama mwenyewe, ndugu, au muuguzi wa zahanati anayeona kwamba mgonjwa amemzidi uwezo.

Anayepokea simu ana mafunzo ya afya. Anauliza maswali yaliyopangwa, anapima kama ni dharura, kisha anatafuta usafiri. Kama gari la wagonjwa liko karibu, linatumwa hilo. Kama halipo, anapigiwa dereva wa jamii, mtu wa kawaida mwenye gari lake aliyesajiliwa na kuelekezwa kazi hiyo, na malipo yake yanaingia kwa simu baada ya kumfikisha mama. Wakati gari liko njiani, hospitali inayompokea inapewa taarifa.

Ili kuona umuhimu wa hilo la mwisho, inafaa kujua jinsi wataalamu wa uzazi wanavyoeleza vifo vya kina mama. Tangu miaka ya 1990 wanazungumzia ucheleweshaji wa aina tatu. Wa kwanza ni kuchelewa kuamua kwenda. Wa pili ni kuchelewa kufika. Wa tatu ni kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Kwa maneno mengine, mama anaweza kungojeshwa mara tatu: nyumbani, njiani na hospitalini. Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa chache, na saa hizo hazibagui zimepotelea wapi.

Namba 115 inagusa ucheleweshaji wa pili na wa tatu. Barabara mbovu haiitengenezi, lakini inaondoa ule muda wa kuzunguka kijijini usiku kutafuta mwenye gari na kupatana naye bei. Na hospitali ikishajua kwamba mama anakuja, hapaswi kufika na kuambiwa akae foleni.

Ule wa kwanza unabaki nyumbani kwetu. Hakuna simu inayoweza kumpigia mama mkwe anayesema "ngoja kwanza, uchungu wa kwanza huwa mrefu", au mume aliyesafiri na kuacha neno kwamba asiondoke mtu mpaka arudi. Kama kuna jambo la kuzungumza jioni hii katika familia yenye mjamzito, ni hili: nani ana ruhusa ya kupiga 115 usiku? Tunashauri jibu liwe "yeyote aliye macho".

Nani kweli anapunguziwa foleni

Anayefaidika zaidi na tiba ya simu ni mtu ambaye ugonjwa wake tayari unajulikana. Mwenye presha ambaye anapimwa kijijini na anahitaji kuulizwa tu kama dawa inamkubali. Mwenye kisukari anayetaka kujua afanye nini siku ya kufunga. Mtu anayengoja majibu ya kipimo. Mwenye upele unaoweza kupigwa picha. Mtu mwenye huzuni nzito isiyokwisha, ambaye angeona haya kuonekana na majirani akiingia mlango wa kliniki ya afya ya akili. Kwa huyo simu ina staha ambayo benchi halina.

Tuongeze kwamba si kila kinachopunguza foleni kina umeme ndani yake. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi ambao hali zao zimetulia wapewe dawa za miezi 3 hadi 6 kwa mara moja. Utaratibu huo, pamoja na vikundi vya kupeana dawa, umewaondoa watu wengi katika mabenchi bila kuhitaji programu yoyote. Kwa wagonjwa wa kifua kikuu, mwaka 2017 shirika hilo lilikubali kwamba mgonjwa anaweza kujirekodi video akimeza dawa badala ya mhudumu kumshuhudia ana kwa ana, pale ambapo simu na mtandao vinaruhusu.

Kwa mgonjwa wa kifua kikuu, kutokaa katika chumba cha kusubiri ni faida kwa wengine pia. Ugonjwa huo unasambaa kwa hewa, na chumba kilichofungwa madirisha, kimejaa watu, ni mahali pazuri sana kwake. Hapa zahanati ya kijijini yenye benchi chini ya mwembe inaishinda hospitali ya mjini yenye vioo. Upepo ni dawa ya bure.

Simu inapofika mwisho

Sasa tuje kwenye homa. Homa huwapeleka wengi zahanati, na ni jambo ambalo simu haiwezi kulimaliza. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba mtu anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Kipimo chenyewe ni tone la damu kutoka kidoleni. Hakuna sauti ya daktari, hata awe bingwa wa namna gani, inayoweza kuona vimelea ndani ya damu. Homa ya malaria, ya nimonia na ya mkojo zinaweza kuanza kwa maelezo yale yale. Ukipewa dawa ya malaria kwa simu bila kipimo, umepewa makisio.

Vivyo hivyo kwa mjamzito anayeumwa kichwa na kuona maluweluwe. Ili kujua kama ni kifafa cha mimba kinachokaribia, lazima presha ipimwe na mkojo uangaliwe. Anayemwambia kwenye simu "meza panado, upumzike" anaweza kuwa anamuua.

Kwa mtoto chini ya miaka mitano, wahudumu wa afya wanafundishwa dalili za hatari za jumla: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri. Ukiona hata moja, usipige simu kuomba ushauri. Mbebe uende. Ukiwa njiani ndipo upige.

Kwa mjamzito na aliyejifungua, dalili zisizongoja ni kutokwa na damu, maumivu makali ya kichwa pamoja na kuona vibaya, degedege, homa kali, maumivu makali ya tumbo, chupa kupasuka kabla ya wakati, na mtoto aliye tumboni kupunguza kucheza au kuacha kabisa. Kwa mtu mzima yeyote, maumivu ya kifua yanayobana, upande mmoja wa mwili kulegea ghafla, kushindwa kupumua au kupoteza fahamu ni safari ya hospitali.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo mtu wa nyumbani anaweza kulifanya na kumpa mtaalamu wa kwenye simu taarifa ya thamani: kuhesabu pumzi za mtoto. Chukua mfano wa bibi aliyeachiwa mjukuu wa miezi minane anayekohoa, naye amempigia muuguzi wa kituo cha afya.

"Shikamoo bibi. Mtoto ananyonya au anakunywa uji?"

"Marahaba mwanangu. Uji anakunywa, lakini anahema haraka haraka."

"Ametulia sasa, halii?"

"Ametulia, amelala mapajani kwangu."

"Mfunue kifua. Tazama saa ya simu, uhesabu kila kifua kinapopanda, kwa dakika nzima, kisha uniambie."

Bibi anarudi na jibu: hamsini na sita. Hapo muuguzi hahitaji maelezo zaidi. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni kasi inayoashiria nimonia. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, ni pumzi 40 au zaidi. Kwa mchanga wa chini ya miezi 2, ni 60 au zaidi. Mtoto huyu aletwe leo, si kesho asubuhi. Hesabu ifanywe mtoto akiwa ametulia, kwa sababu anayelia au aliyetoka kunyonya hupumua haraka bila ugonjwa. Na kama chini ya kifua panabonyea ndani kila anapovuta pumzi, usipoteze muda kuhesabu.

Kinachopotea benchi likiwa tupu

Watu wanalilaumu benchi, nasi tumelilaumu hewani. Lakini lina kazi ambazo hazionekani mpaka zipotee. Muuguzi mzoefu anayepita ukumbini anapiga jicho. Anamwona mtoto aliyekuwa wa kumi na tano katika foleni ameanza kulegea, anamnyanyua na kumwingiza ndani. Hakuna aliyempigia simu. Amemwona. Mgonjwa anayengoja kupigiwa nyumbani hana jicho hilo. Akizidiwa saa tano na miadi yake ya simu ni saa tisa, mfumo haujui.

Kwenye benchi pia ndipo elimu ya afya ya asubuhi inapotolewa, uzito wa watoto unapopimwa, na mjamzito wa mara ya kwanza anapomsikia mwenzake akisema kwamba yeye alivimba miguu na uso, akapuuza, na kilichomkuta. Mtu aliyekuja kwa jino anapimwa presha akakutwa nayo juu. Kwenye simu mtu huulizwa alichopigia, basi.

Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba tiba ya simu imepunguza msongamano, inafaa kuuliza nani hao waliopungua. Kama ni wale waliokuja kuchukua vidonge vya kila mwezi, ni habari njema kwa wote, kwani muuguzi anapata nafasi ya kumwangalia mtoto mgonjwa. Kama ni watu walioambiwa wapige simu kwanza na hawakuwa na salio, chaji au simu, basi foleni haijapungua. Imefichwa.

Simu ya nyumba nzima

Hili la kutokuwa na simu lina sura nyingine. Katika nyumba nyingi simu ni moja, na mara nyingi iko kwa baba. Ujumbe wa kliniki unasomwa na watoto kwa sauti. Mama aliyeuliza kuhusu uzazi wa mpango, au kijana aliyepima virusi vya Ukimwi, anaweza kupata matatizo makubwa kutokana na ujumbe mmoja ulioingia mchana wakati simu iko mezani.

Sheria zipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mwaka 2023 ikatunga sheria maalumu ya afya ya kidijitali. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023. Sheria hizo zinambana anayekusanya taarifa zako. Hazimbani mtu anayeishi nawe. Unapojiandikisha huduma yoyote, mwambie mhudumu mapema kama simu si yako peke yako, na mkubaliane saa ya kupigiwa au neno la kutumia badala ya jina la ugonjwa. Wahudumu wazuri wameshazoea ombi hilo. Wapo pia wanaopendelea kupigiwa simu wakiwa zahanati, kwenye chumba cha muuguzi, na hilo nalo si la kijinga.

Daktari wa kwenye simu, au tapeli?

Kila penye mlango mpya, tapeli hujipenyeza. Anajiita daktari katika kundi la WhatsApp, ana picha ya koti jeupe na kipimo shingoni, anauza dawa ya kumaliza kisukari, vidonda vya tumbo au upungufu wa nguvu za kiume. Anaomba fedha zitumwe kwa namba binafsi, na dawa inatumwa kwa basi.

Daktari halali amesajiliwa. Kwa Tanzania Bara chombo kinachosajili ni Baraza la Madaktari Tanganyika, na kwa Kenya ni baraza la madaktari na madaktari wa meno la nchi hiyo. Huduma halali itakuambia inatoka hospitali au kituo gani, nawe unaweza kwenda hapo au kuwapigia kuuliza kama wanamfahamu. Anayekataa kusema yuko kituo gani, anayekuahidi kupona moja kwa moja ugonjwa wa kudumu, au anayekuambia uache dawa ulizoandikiwa hospitali, kata simu. Na hata anayekutumia dawa ya kuua bakteria kwa kila kikohozi, bila kukuuliza lolote, anakudhuru wewe na jirani zako, kwa maana dawa hizo zikitumika ovyo hupoteza nguvu.

Ukiamua kupiga

Kabla ya kupiga, mweke mgonjwa karibu nawe. Mazungumzo mengi yanaharibika kwa sababu anayepiga yuko mlimani kutafuta mtandao na mgonjwa yuko bondeni. Kama mtandao uko juu ya kilima, apande mtu wa pili na muwe na njia ya kupashana majibu, au mumpeleke mgonjwa mahali ambapo simu inashika.

Shika mkononi daftari la kliniki na makopo au pakiti za dawa anazotumia, hata za mitishamba, na uzitaje bila aibu. Ujue ugonjwa ulianza lini, mara ya mwisho alikojoa lini, amekula nini. Taja umri wa mtoto kwa miezi. Muulize mhudumu maswali mawili kabla hajakata: ni dalili gani nikiiona niache kungoja na nije moja kwa moja, na nikija nifike kituo gani. Mwache arudie, nawe urudie kwa maneno yako, kwani simu za kijijini humeza nusu ya sentensi. Kama ameahidi kupiga tena, muulize saa ngapi, na ukubaliane naye kwamba saa hiyo ikipita hutaendelea kungoja.

Kwa wasikilizaji wetu wa Tanzania, namba ya dharura ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga ni 115. Kituo cha simu cha Wizara ya Afya, kwa maswali ya kawaida ya afya, ni 199. Zote hazikatwi salio. Ziandike ukutani kwa mkaa au chaki karibu na mlango, kwa sababu usiku simu yenye namba ulizohifadhi inaweza kuwa imezima chaji, na atakayepiga atatumia simu ya jirani.